Ubatizo wa Mhariri Hugentobler

Bwana Emanuel Hugentobler aliamini kwamba herufi kubwa ni kelele. Kwa hiyo katika jarida la Mstari, alilolihariri kwa zaidi ya miaka ishirini, hapakuwa na hata moja. Jina la mtu, la mji na la Mungu yote yalianza kwa herufi ndogo, na katika Kijerumani chetu, ambamo hata kijiko na bata huandikwa kwa herufi kubwa, hiyo ilikuwa sawa na kumpokea askofu ukiwa umevaa kandambili. Padri mmoja wa Appenzell aliwahi kuandika barua ya kulalamika. Hugentobler alimjibu kwa herufi ndogo.

Mimi nilikuwa meneja wa jarida hilo, maana yake nilifanya kila kitu ambacho yeye hakukiona: matangazo, karatasi, posta, na simu za watu waliokasirika. Nilikuwa na stashahada ya biashara na watoto watatu wa kiume, na kati ya mambo hayo mawili, ni watoto walionifaa zaidi pale ofisini. Ukishalea wavulana watatu, mhariri mmoja hakubabaishi. Unajua lini ana njaa, lini ananuna, na lini anasubiri kusifiwa.

Alizaliwa Wil, mtoto wa mwoka mikate. Akajifunza kupanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda kidogo kilichochapa matangazo ya vifo na bei za mbegu. Kisha akaenda shule ya sanaa Basel, akarudi na suti ya kijivu na imani. Imani yake ilikuwa hivi: maandishi huanzia kushoto, hakuna kitu chochote kinachopaswa kukaa katikati, na sehemu ya thamani kuliko zote katika karatasi ni ile isiyo na kitu.

Mtengenezaji jibini mmoja alimpa kazi ya bango. Hugentobler akamtengenezea karatasi nyeupe pe yenye nukta ndogo ya njano karibu na ukingo wa chini. Bango lilipata tuzo Milano. Mtengenezaji jibini akarudi kwenye picha yake ya zamani ya ng'ombe. Kampuni moja ya dawa ikampa vibandiko vya chupa, akavifanya vitulivu mno hata wazee wakawa hawaoni wapi pameandikwa wanywe vidonge vingapi. Vikachapwa upya, kwa wino mwekundu. Katika mihadhara yake Hugentobler alilitaja tukio hilo kama kushindwa kwa umma.

Baada ya hapo chama cha wachapaji kikampa jarida. Mtu ambaye wateja hawamtaki tena hufaa sana kuwafundisha wenzake.

Mstari lilikuwa jarida la wachapaji wote wa upande wetu wa mashariki, mabwana na wafanyakazi, na walilipata kwa sababu bei yake ilikuwa ndani ya ada ya chama. Walilisoma kuanzia nyuma. Huko ndiko kulikuwa na waliokufa, kazi zilizo wazi, na mashine za kuuza. Mbele palikuwa pa Hugentobler, na aliyefika huko kwa kawaida alikuwa kwenye treni na hana kitu kingine cha kusoma. Ofisi yetu hapa St. Gallen ilifuata imani yake. Saa, kalenda, picha ya marehemu mwanzilishi, vyote vilitundikwa kushoto, vimesongamana kama abiria upande mmoja wa kivuko, na ukuta uliobaki ulikuwa mtupu. Wageni walidhani tunahama.

Adui yake alikuwa Walter Gschwend. Gschwend alikuwa na kiwanda kikubwa kuliko vyote, alichapa lebo za bia na vipeperushi vya maduka, na karibuni alikuwa amenunua mashine ya kuchapa juu ya nguo. Alipenda herufi nene, zilizoinama mbele kana kwamba zinakimbia moto, na nyuma ya kila herufi aliweka kivuli. Hugentobler aliandika makala baada ya makala juu ya ugonjwa wa kivuli, na kila moja ilikuwa na picha ya mfano mbaya. Hakutaja jina la mchapaji. Hakukuwa na haja, maana kila mtu alikuwa na bia hiyo nyumbani.

Gschwend huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya jarida. Alitaka kurasa za rangi na mhariri mpya, na mhariri mpya alikuwa naye tayari: mtoto wa dada yake, muuza mashine, kijana mwenye meno mengi. Kila baada ya miaka minne mkutano mkuu wa Juni humthibitisha mhariri au humwondoa. Juni hiyo Hugentobler alikuwa amebakiza miaka mitatu kufika pensheni.

Mkewe, Klara, alinipigia simu. "Rosmarie, nisikilize. Wakimtoa huko atakaa nyumbani. Akikaa nyumbani atanipangia mitungi ya viungo kwa upana. Mimi nitamuua."

Nililichukulia kwa uzito. Klara si mtu wa mzaha.

Mambo yaliharibika mwezi wa nne, kwenye meza yetu ya kila mwezi pale baa ya Dubu. Gschwend alianza kuzungumzia ubatizo, kwa upole, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

Kwetu kila mchapaji anayemaliza uanagenzi hukamatwa na wenzake, hukalishwa juu ya sponji lililolowa, kisha hutumbukizwa katika hodhi la maji uwanjani mbele ya watu. Makosa yake yote ya uanagenzi yanaoshwa. Anapewa cheti, anawanunulia bia waliomzamisha, na tangu hapo ni mtu wa fani. Asiyezamishwa si mtu wa fani, hata kama anachapa noti za benki.

"Mimi walinizamisha Rorschach mwezi wa kwanza," alisema Gschwend. "Walivunja barafu kwanza. Köbi, wewe je?"

"Hapa hapa," alisema Köbi Sutter. Alikuwa mzee wa mashine, mwenye viganja kama majembe, na ndiye aliyekuwa mkuu wa ubatizo wa mji. "Nilimpiga mmoja teke la meno, akanirudisha chini mara ya pili. Siku hizi ni shemeji yangu."

"Bado ana pengo?"

"Anapiga nalo mluzi."

Walicheka. Gschwend akageuka. "Na wewe, Hugentobler? Nani walikukamata?"

Hugentobler alikuwa akisogeza vile vikadi vya kuwekea bia vilingane na ukingo wa meza. "Wil," akasema.

"Wil tunaijua. Nauliza nani."

"Ni zamani sana."

"Zamani? Mzee, mimi nimesahau tarehe niliyooa, na mama watoto hajanisamehe. Lakini walionizamisha nakutajia mpaka saizi za viatu."

Köbi aliweka bia chini. "Emanuel. Ulizamishwa, hukuzamishwa?"

Angeweza kudanganya. Nilitamani adanganye, na nilimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini Hugentobler alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuacha kosa mahali lilipo.

"Nilijificha," akasema. "Stoo ya karatasi. Nilikuwa nimenunua suruali mpya. Ya kijivu."

Mtu mmoja mwishoni mwa meza akasema, "Suruali." Mwingine akauliza, "Kasema suruali?" Na hapo wakaangua kicheko, wote isipokuwa Gschwend.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema Gschwend, "jarida letu limehaririwa na mwanagenzi." Akasukuma kikombe chake katikati ya meza. "Mwanagenzi, kalete bia."

Kibaya zaidi ni kwamba Hugentobler aliinuka nusu. Miguu yake ilikuwa bado inakumbuka.

Wiki zilizofuata simu ya ofisini haikupumzika. "Mama, hebu nipe mwanagenzi." "Mwanagenzi keshafagia?" Kiwanda kimoja cha Herisau kilituma ufagio kwa posta, umefungwa utepe. Halafu mtu akafukua tahariri ya zamani ambamo Hugentobler aliuita ubatizo mchezo wa watu wanaoogopa kufikiri, na nakala zake zikabandikwa juu ya mashine za kahawa mpaka Chur. Mwisho ikaja ajenda ya mkutano. Gschwend alikuwa ameongeza hoja moja: kwamba kanuni zinamtaka mhariri awe mtu kamili wa fani, na asiyebatizwa si kamili.

Niliingia kwake nikafunga mlango. "Bwana Hugentobler, dawa yake ipo. Ni maji. Jumamosi ya mkutano, asubuhi, wanabatiza vijana uwanjani. Unaingia, unatoka, unajikausha, unapigiwa kura."

"Ni suala la kanuni, Bi. Rosmarie."

"Ni suala la suruali."

Akanuna. Kisha akajifungia akaandika kurasa nne kuthibitisha kwamba desturi hiyo ilianzia kwa watengeneza karatasi, ambao kazi yao ni maji, na si kwa wapanga herufi, na kwa hiyo haimhusu. Ilikuwa makala nzuri. Nilimwuliza nani ataisoma.

"Wasomaji."

"Wasomaji wanaanza na waliokufa, bwana. Wakifika kwako wanashuka kituoni."

Aliyemaliza mjadala alikuwa Klara. Alikuja ofisini na koti lake mwilini, hakukaa. "Emanuel, chagua. Hodhi dakika moja, au mimi na wewe jikoni kila siku mpaka mmoja wetu afe."

Hugentobler alitazama saa ya ukutani upande wa kushoto. "Hodhi," akasema.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Siku ya pili Köbi Sutter alipanda ngazi zetu akihema, na karatasi mbili mkononi.

"Mama Rosmarie, bosi wako ananiandikia kwamba hodhi liwe la mstatili. Bila maua. Wakamataji wavae aproni za kijivu. Yeye asimame kushoto. Huyu anataka kujizamisha kwa rula."

"Mwambie mwenyewe, yumo ndani."

Aliingia, na mimi nikaingia nyuma yake, kwa sababu mlango ulikuwa wangu pia.

"Sikiliza, Emanuel," alisema Köbi. "Anayezamishwa hapangi kitu. Ndiyo sababu tunamzamisha."

"Nimependekeza tu. Aproni si lazima. Lakini cheti nitakipanga mimi."

"Cheti kitakuwa kama cha babu yangu. Herufi za kale za mapembe, mashada ya majani, na kila mstari katikati."

"Katikati," alisema Hugentobler, kama mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ana uvimbe.

"Katikati kabisa."

Ilimchukua muda. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Nilijivunia, naungama, kama siku mwanangu wa pili alipokula kabichi.

Asubuhi ya Jumamosi ile ilikuwa ya baridi kwa mwezi wa sita. Nilijua Hugentobler hatabeba nguo za kubadilisha, kwa sababu kubeba nguo ni kukiri kwamba utalowa. Kwa hiyo kabla ya kutoka nilipitia kamba ya nguo nyumbani, nikachukua taulo na kilichokuwa kimekauka, nikavitia kwenye mkoba.

Uwanja ulikuwa umejaa. Köbi alivaa joho jeusi. Wakamataji wake walikuwa na aproni za ngozi wala si za kijivu, na hodhi lilikuwa la duara, limezungushiwa maua kama keki ya harusi. Pembeni palikuwa na meza ya vyeti, vimewekewa jiwe visipeperuke. Mwaka huo Gschwend alivichapa bure, na alihakikisha kila mtu anajua ni bure.

Wanagenzi wanne walibatizwa kwanza. Mmoja walimkamata akinunua soseji, mwingine alipanda nguzo ya taa wakamchuma kama tunda. Hakuna aliyejua zamu yake inakuja lini, na ndiyo raha yake. Köbi alisema "mkamateni" kwa sauti ya kawaida tu, kama anaomba chumvi, na tayari mtu yuko hewani.

Ndipo Hugentobler alipojitokeza, suti ya kijivu, tai, na hotuba yake ya mkutano ikichungulia kwenye mfuko wa kifuani. Akavua miwani, akaifuta, akaitia katika kifuko, akanipa. Akanipa na saa. Kisha akasimama kando ya hodhi, mikono ubavuni.

"Niko tayari," akasema.

Hakuna aliyesogea. Wakamataji wakamtazama Köbi, Köbi akatazama viatu vyake.

Gschwend alikuja kutoka upande wa soseji, na haradali kwenye kidole. "Haiwezekani," alisema. "Anayekamatwa hawi tayari. Anayejipeleka mwenyewe habatizwi, anaoga. Muulizeni Köbi."

Köbi alijikuna shingo. "Ndivyo ilivyo," akasema bila kupenda. "Lazima akamatwe hajatarajia."

"Basi nitageuka," alisema Hugentobler.

Akageuka. Tukamwangalia mgongo. Mtu akacheka puani.

"Naweza kutembea kidogo," akasema.

Akatembea. Alilizunguka hodhi polepole, mikono nyuma, kama mtu aliye kwenye jumba la makumbusho, akijifanya anatazama njiwa, ambao bila miwani nadhani walionekana kama madoa. Akamaliza mzunguko, akaanza mwingine. Hakuna aliyemgusa. Humkamati mtu anayetembea ili akamatwe, unaona haya. Gschwend alilamba haradali yake akatazama saa ya kanisa. Mkutano ulikuwa unakaribia.

Nimewahi kuona mtoto akisubiri kuchaguliwa kwenye timu, wenzake wote wamekwisha kuchaguliwa, naye anafunga tena kamba za viatu ambazo zimefungwa. Ilikuwa hivyo, ila huyu alikuwa na mvi. Mtu aliyeyakimbia maji maisha yake yote, sasa anayazunguka akiyaomba. Sikuwahi kumhurumia Hugentobler kabla ya siku hiyo, na sikupenda kuanza.

Mzunguko wa tatu ulimpitisha karibu na meza ya vyeti. Kimoja tu kilikuwa kimebaki, chake, Köbi alikuwa amekiandaa kwa nia njema. Hugentobler alipita, akasimama, akarudi. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Nani amefanya hivi?"

Sauti haikuwa tena ya makumbusho.

"Ni cheti," alisema Köbi. "Nilikwambia, katikati."

"Katikati nimekubali. Hiki ni nini?" Akagonga herufi ya kwanza kwa kidole. "Kuna kivuli. Herufi za mapembe, mmeziwekea kivuli. Köbi, njoo hapa. Cha babu yako kilikuwa na kivuli?"

Köbi akasogea. Akakiangalia cheti kwa muda. "Hapana," akasema taratibu. "Cha babu hakikuwa nacho."

"Niliongeza kidogo tu," alisema Gschwend. "Kinapendeza zaidi. Kinaruka."

"Kinaruka," alisema Hugentobler. Hodhi alikuwa amelisahau. Mkutano, kura, pensheni, mitungi ya Klara, vyote vilikuwa vimemtoka kichwani. Mkono ukaingia mfukoni wenyewe ukatoka na penseli nyekundu, akaondoa jiwe, akaanza kukata kivuli, herufi moja baada ya nyingine, na pembeni akaandika maelekezo kwa mchapaji kwa herufi zake ndogo safi.

"Weka chini hicho," alisema Gschwend. "Hugentobler, nakwambia weka chini. Ni cheti cha fani, mwanagenzi haruhusiwi kukigusa."

Köbi aligeuza kichwa akamtazama Gschwend, na uso wake ukafunguka kama dirisha. "Umesema kweli kabisa, Walter," alisema. "Haruhusiwi. Tena adhabu yake ipo." Akakunja mikono ya joho. "Mkamateni."

Hugentobler hakutarajia. Ninaweza kuapa mahakamani. Alikuwa kwenye herufi ya tano. Aliposhikwa miguu alipiga mateke kama mbuzi, na penseli, ambayo hakuiachia, ilimchora Gschwend mstari mwekundu kutoka sikioni hadi kidevuni, mstari ulionyooka vizuri sana. Wakamkalisha kwenye sponji. Wakamtumbukiza. Akaibuka, akasema, "Kivuli kime—" wakamrudisha. Akaibuka tena akitafuta kituo cha sentensi. Mara ya tatu alitoka kimya, na ua moja sikioni, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Klara alikuwa ameegemea nguzo ya taa akila soseji. "Suruali hiyo imekwisha," akaniambia.

Midomo ya Hugentobler ilikuwa ya buluu. Nilimshika mkono nikampeleka choo cha baa ya Dubu kama ambavyo ningempeleka yeyote kati ya wanangu.

"Vua."

"Bi. Rosmarie, hii si—"

"Vua, nageuka."

Nikampitishia taulo, kisha nguo, bila kutazama. Suruali ya mazoezi yenye mistari ubavuni. Fulana ya mpira ya mwanangu mkubwa. Alizivaa haraka, meno yakigongana, bila kuona anavaa nini, kwa sababu miwani yake ilikuwa kwangu. Nikampa miwani. Akaivaa, akajitazama kwenye kioo.

Timu ya vijana ya mtaa wetu ilikuwa na mfadhili. Kifuani, kutoka kwapa hadi kwapa, paliandikwa GSCHWEND, kwa herufi kubwa, nene, zilizoinama, na nyuma ya kila moja kivuli cha njano. Mgongoni palikuwa na tisa yenye ukubwa wa mkate.

Alitazama muda mrefu. "Hakuna nyingine?"

"Kuna taulo."

Alilifikiria taulo. Nilimwona akilifikiria, kwa dhati, mtu wa umri ule. Juu yetu, katika ukumbi wa ghorofani wa baa, viti vilikuwa vinaburutwa, mkutano unaanza.

"Hotuba yangu," akasema.

Nilitoa karatasi kutoka kwenye koti lililolowa. Ilikuwa uji. Nikaitupa, nikafungua mlango.

Aliingia ukumbini peke yake, mimi nyuma. Vichwa vyote viligeuka. Gschwend alikuwa mwisho wa meza, mstari mwekundu bado uko shavuni, hakuna aliyemwambia. Hugentobler akapita kati ya viti akiwa amebeba jina la adui yake kifuani, akaenda kukaa kushoto.

"Endeleeni," akasema.

"Naona mmepatana," alisema mtu kutoka Herisau, nadhani yule wa ufagio.

Walicheka, lakini si kwa ubaya. Gschwend alifungua kabrasha lake. "Kuna hoja kuhusu mhariri," akaanza. Akainua macho. Jina lake lilikuwa likimtazama, kubwa, linaruka. Kumtoa nje mtu yule ilikuwa kama kuling'oa bango la kiwanda chake mwenyewe na kulitupa barabarani mbele ya wateja.

"Kazamishwa," alisema Köbi. "Mara tatu. Mbili za mwisho bure."

"Hajatarajia?" aliuliza mtu.

"Muulize Walter. Yeye ndiye aliyetoa sababu."

Gschwend alifunga kabrasha. Mtoto wa dada yake akamnong'oneza kitu, yeye akamsukuma kwa kiwiko. "Hoja naiondoa," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuondoka mikono mitupu: "Fulana imekutosha vizuri, Hugentobler. Inasomeka hata kwa mbali, au siyo?"

Aliyemjua Hugentobler alijua kwamba hapa ndipo angeweza kuharibu kila kitu kwa dakika moja, akaanza na unene wa herufi, akamalizia na kuporomoka kwa Ulaya. Akasogeza kikadi cha bia kilingane na ukingo wa meza.

"Inasomeka," akasema.

Mikono ikainuka. Wote, hata Gschwend, isipokuwa yule kijana mwenye meno. Hugentobler akathibitishwa kwa miaka minne, mmoja zaidi ya aliohitaji. Kisha akashuka kaunta, akawaletea bia wakamataji wake, mikono yote miwili, na tisa mgongoni, na kila alipoweka kikombe mtu alimwita Emanuel.

Watu wameniuliza sana kama ile fulana niliipanga. Nilichukua iliyokauka.

Suti ilirudi kutoka kwa dobi inamtosha mtoto wa shule, Klara akaitoa sadaka kanisani. Toleo la Julai lilikuwa na kurasa nne juu ya historia ya kivuli na madhara yake. Gschwend alinunua ukurasa mzima wa tangazo katika toleo hilo hilo, wenye vivuli vya rangi mbili, nami nikaupanga utazamane na makala. Wote wawili walinipigia simu kulalamika. Nilimwambia kila mmoja kwamba mwenzake ndiye aliyeomba.

Cheti, kwa desturi, lazima kitundikwe mahali pa kazi. Köbi alimpa kile kile, chenye mistari ya penseli nyekundu na maelekezo yote juu yake. Jumatatu Hugentobler alikuja na nyundo. Alikijaribu kushoto, chini ya saa. Akakiondoa. Akakijaribu juu ya kalenda, akakiondoa. Nilimsikia akigonga na kung'oa hadi mchana. Nilipoingia na kahawa, kilikuwa katikati ya ule ukuta mtupu, katikati kabisa, alikuwa amepima.

"Kimepangwa hivyo," akasema, amekipa mgongo. "Ukikisogeza pembeni kinaonekana kimelewa."

Niliulizia fulana, mwanangu alikuwa na mechi. Aliirudisha wiki iliyofuata, imefuliwa, imepigwa pasi kwa mkono wake mwenyewe, maana Klara hakutaka kuhusika nayo. Alikuwa ameikunja vizuri sana, pembe kwa pembe, jina likiwa ndani.